Moyo wa Ng'ombe

Ostrava, Februari; theluji inashika masizi kabla haijatua.
Bohuslav alipokwenda kukatwa utumbo
aliniachia karatasi, kaibandika kwenye kioo cha tangi:
Mara mbili kwa siku. Kidogo. Kijani tu.
Na chini yake, kwa wino mwekundu: Drahomíra, KIDOGO.

Samaki ishirini na mmoja, weusi, mkanda wa njano kiunoni.
Asili yao mawe ya Tanganyika,
ziwa ambalo yeye mwenyewe hajalitia machoni,
hulitaja tu kama mtu anavyomtaja shemeji tajiri.

Mimi nimezaliwa na mama aliyepima mapenzi kwa mwiko.
Kwetu, mgeni akiondoka hajashiba, ni tusi.
Nikawatazama wanavyoparuza kioo,
wakilamba ule utelezi wa kijani
kama watoto waliotumwa kukomba sahani za majirani,
nikasema: kumbe nimeolewa na bahili.

Nikashuka ghorofa saba, lifti mbovu,
mpaka kwa Hrdlička muuza nyama.
Nusu kilo ya moyo wa ng'ombe.
Nikautoa mafuta, nikausaga mara mbili,
nikaugandisha vipande vya ukubwa wa ukucha.
Niliwapa moyo.
Na walivyoupokea! Maji yalifoka kama sufuria.

Siku ya nne yule mkubwa, tunayemwita Meja,
alijitenga nyuma ya bomba la kichujio.
Akadaka punje, akaitafuna, akaitema.
Akaidaka tena. Akaitema tena.
Siku ya tano tumbo limemvimba, magamba yamekaza,
na nyuma yake unaning'inia uzi mweupe
kama wa pindo lililofumuka.

Nikapiga simu wodini.
"Umewapa nini?"
"Majani."
Kimya. Nikasikia mashine yake ikihesabu.
"Majani hayatoi uzi mweupe, Draho."

Kisha, kwa pumzi za kukopa, akanieleza
kwamba utumbo wa samaki huyu umempita mwenyewe urefu,
umejiviringa kama mpira wa kumwagilia bustani,
umeumbwa kuyangoja majani yaachie utamu wao taratibu.
Nyama humo haipiti. Inakaa, inachacha,
na vijidudu vilivyokuwa wapangaji watulivu
vinaamka vikijiita wenye nyumba.

"Sasa nifanyeje?"
"Theluthi ya maji, badilisha. Dawa iko droo ya chini,
na ile chumvi ya magnesiamu. Chakula, siku tatu,
hakuna."

Siku tatu!
Nimefua mashuka ya hoteli miaka thelathini,
sijapata kazi iliyonichosha hivyo.
Kila nikipita walinikimbilia kiooni,
vinywa ishirini na kimoja vikisema o, o, o.
Nilikwenda jikoni nikaikalia mikono yangu.

Meja alikufa Jumapili, kengele zikilia.
Nilimzika kwenye chungu cha jeraniamu.
Waliobaki, siku ya nne, niliwatupia jani moja la mchicha
lililopita maji ya moto.
Wakalisogelea kwa mashaka, kama barua ya benki,
halafu wakalitoboa, wakalimaliza mpaka mshipa.
Jioni vikaanza kudondoka vinyesi vifupi, vya kijani,
na mimi, mwanamke wa miaka sitini na minane,
nikapiga makofi kwa sababu ya mavi.

Bohuslav alirudi Machi, koti limemzidi.
Naye alikuja na karatasi yake ya daktari:
kidogo kidogo, mara sita, vilivyopondwa, bila mafuta.
Miaka arobaini ya mbavu za moshi, na sasa hivi.
Niliibandika kando ya ile nyingine.

Akaketi mbele ya tangi, akahesabu kwa kidole.
"Ishirini."
"Ishirini," nikasema.
Hakuuliza. Aliitazama jeraniamu.

Nikamletea karoti iliyopondwa kwenye bakuli la mjukuu.
Akaiangalia kama Meja alivyoiangalia ile punje.
"Draho," akasema, "nipe moyo."

Nikamjazia kijiko.
Nusu.